Kupanda Kilimanjaro kwa Hesabu ya Siku

(Mazungumzo ya redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya wasomaji)

Natumaini kikundi chako kimekwisha kukusanyika, na mwandishi wa kikundi ana kalamu na karatasi mkononi. Na wewe ambaye hukuweza kusikiliza, unayesoma maneno haya peke yako, chukua kalamu vilevile, kwa maana somo la leo lina hesabu kidogo.

Leo tutazungumza juu ya kupanga safari fupi ya mlimani. Siku hizi si wageni peke yao wanaopanda Kilimanjaro. Walimu, makarani, wauguzi na wanafunzi wa vyuo huchanga fedha mwaka mzima, kisha hufunga mizigo wakaenda. Wengi hupenda kwenda wakati wa sikukuu ya Uhuru, kwa kukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ambapo Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya kilele. Ni jambo jema mtu kuujua mlima wa nchi yake. Lakini wako wanaoteremshwa kwa machela, na wako waliokufa huko, ambao hawakuanguka majabalini wala hawakupotea njia. Walipanda upesi kuliko miili yao ilivyoweza kustahimili.

Watu wanapopanga safari hii, swali la kwanza huwa, "Tutabeba nini?" Mimi nakuomba uanze na swali jingine: "Tutalala wapi, na usiku mara ngapi?" Hilo ndilo somo la leo.

HEWA YA JUU INA KASORO GANI?

Wako wanaosema kwamba mlimani hamna oksijeni. Si kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 hivi ni oksijeni. Mjini Tanga ni hivyo, na juu ya kilele cha Uhuru ni hivyo hivyo. Basi kasoro ni nini?

Fikiri ghala wakati wa mavuno ya pamba. Pamba imemwagwa mpaka imekuwa lundo refu linalokaribia dari. Pamba iliyo chini imelemewa na yote iliyo juu yake, kwa hiyo imeshindiliwa. Ile ya juu kabisa haikulemewa na kitu, nayo imetawanyika. Sasa chukua kikapu, ukijaze kwa pamba ya chini: ni kizito. Kimwage, ukijaze tena kwa pamba ya juu bila kuishindilia: ni chepesi. Kikapu ni kile kile na pamba ni ile ile, lakini iliyoingia mara ya pili ni chache.

Hewa nayo ni lundo, na sisi tunaokaa pwani tumo chini ya lundo hilo. Kifua chako ndicho kikapu. Kila unapozidi kupanda, pumzi moja huingiza hewa chache zaidi, na kwa hiyo oksijeni chache zaidi. Katika nyumba za Mandara, kwenye urefu wa meta 2,720 hivi, unapata karibu robo tatu ya ile unayoipata pwani. Horombo, kwenye meta 3,720 hivi, unapata karibu thuluthi mbili. Kilele cha Uhuru kina meta 5,895, na huko unapata nusu tu. Mtu anayevuta pumzi kileleni ni kama mtu aliyezoea sahani nzima ya chakula, kisha akapewa nusu na kuambiwa afanye kazi ile ile.

Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Paul Bert, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1878. Alikuwa na chumba cha chuma ambacho aliweza kuipunguza hewa yake. Aliingia humo mwenyewe, akaona udhaifu na kichefuchefu vikimpata. Alipovuta oksijeni kutoka katika mfuko, hali yake ikawa njema. Hivyo alionyesha kwamba maradhi haya hayatoki katika baridi, wala katika uchovu, wala katika harufu ya majani ya mlimani. Hutoka katika upungufu wa oksijeni.

MWILI HUJIREKEBISHAJE?

Mwili wa binadamu haukai kimya unapopungukiwa. Jambo la kwanza, unaongeza pumzi, na moyo unapiga upesi zaidi. Hilo huanza saa ile ile. Lakini kuhema sana huibadili damu kidogo, na mwili huogopa kuendelea hivyo mpaka figo zisawazishe damu kwa kutoa baadhi ya chumvi zake katika mkojo. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Ndiyo sababu mtu akiwa mlimani hukojoa mara nyingi, na ni dalili njema. Baadaye mwili huongeza chembe nyekundu za damu, lakini hilo ni jambo la majuma, si la siku tano.

Kumbuka neno hili: siku kadhaa. Hakuna mazoezi yanayoweza kuzifupisha. Mwenye miguu ya chuma, anayekimbia kila asubuhi ufukoni, atafika Horombo mapema kuliko wenzake. Lakini figo zake hazikuanza kazi mapema kuliko za wenzake. Tena huyo ndiye mara nyingi anayeugua, kwa kuwa nguvu zake humpeleka juu kabla mwili wake haujawa tayari. Mazoezi ni mema kwa ajili ya magoti na pumzi. Si kinga ya maradhi ya mlimani.

Na wewe uliyezaliwa Marangu au Machame, usidhani umesalimika. Migomba na kahawa ya kwenu iko chini ya lango la hifadhi, na lango la Marangu lenyewe halifiki meta 1,900. Maradhi haya huanza kuonekana kwa watu wanaolala juu ya meta 2,500. Vilevile, kulala usiku mmoja Moshi baada ya kutoka Dar es Salaam kwa basi hupumzisha mwili tu, maana Moshi iko chini ya meta 1,000.

MARADHI YENYEWE

Maradhi ya mlimani yana sura tatu, na yafaa uzijue kama unavyozijua dalili za malaria.

Sura ya kwanza ni ya kawaida. Saa chache baada ya kufika mahali papya pa juu, mara nyingi kati ya saa 6 na saa 12, kichwa huanza kuuma. Pamoja na kichwa huja kukosa hamu ya kula, au kichefuchefu, au kutapika, au kizunguzungu, au uchovu usiokuwa na sababu. Mtu hali chakula, hasemi, anataka kulala tu. Watu wengi huipata sura hii, nayo huondoka kwa kupumzika pale pale siku moja au mbili. Hatari yake ni kuendelea kupanda huku unaumwa.

Sura ya pili ni kuvimba kwa ubongo. Mtu huanza kuyumba kama mlevi. Husema maneno yasiyofuatana, hukasirika bila sababu, hushindwa kufunga vifungo vya koti lake. Mjaribu hivi: mwambie atembee katika mstari ulionyooka, akiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu wa pili, hatua kumi. Akiyumba au akianguka, usijadiliane naye. Mtu huyu anaweza kupoteza fahamu na kufa kabla ya siku kwisha.

Sura ya tatu ni maji kuingia katika mapafu. Mtu huhema hata akiwa amekaa kitako, hakohoi kama jana, sasa anakohoa sana, kifua kinambana, midomo na kucha hugeuka rangi. Baadaye kifua chaweza kutoa sauti ya maji, na kikohozi kutoa povu lenye rangi ya damu. Sura hii nayo huua upesi, na yaweza kuja bila kichwa kuuma.

Dawa kubwa ya sura ya pili na ya tatu ni moja: kuteremka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya chupa na dawa za daktari husaidia, lakini haziwi badala ya kuteremka. Mtu wa Kibo ateremshwe mpaka Horombo, yaani meta 1,000, na zaidi ikiwa hajapata nafuu. Katika njia ya Marangu kuna machela ya gurudumu moja kwa kazi hiyo. Wala mgonjwa asiteremke peke yake.

Jambo moja zaidi. Sisi tumezoea kwamba kichwa na matapishi ni malaria. Mlimani usianze na mawazo hayo. Juu ya meta 2,500, kichwa kinachouma ni cha mlima mpaka ijulikane vingine. Mwenye homa kali naye ateremke, akapimwe chini. Wako waliomeza dawa za malaria wakaendelea kupanda, na ubongo wao unavimba.

TUPANGE SIKU

Sasa andika. Tutachukua njia ya Marangu, kwa kuwa ina nyumba za kulala, na wenye fedha kidogo wengi huichagua.

Mpango wa kwanza, siku 5:
Usiku wa 1: Mandara, meta 2,720.
Usiku wa 2: Horombo, meta 3,720.
Usiku wa 3: Kibo, meta 4,720. Kuamka usiku wa manane kwenda kileleni, meta 5,895, na kurudi.
Usiku wa 4: Horombo.
Siku ya 5: langoni.

Kanuni wanayoifundisha madaktari wa milimani ni hii: ukishapita meta 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi mahali pa jana kwa zaidi ya meta 500, na kila baada ya siku tatu au nne, lala mahali pamoja usiku wa pili. Sasa piga hesabu. Kutoka Mandara mpaka Kibo ni meta 2,000. Gawa kwa 500: unapata usiku 4. Mpango wetu umetumia usiku 2 tu. Kwa hiyo umekopa usiku 2 kutoka kwa mwili wako, na mwili hudai deni lake kule kule juu.

Mpango wa pili, siku 6: ni kama wa kwanza, lakini unalala Horombo usiku mara mbili kabla ya kwenda Kibo. Siku ile ya katikati hukai bure. Baada ya chai ya asubuhi mnakwenda pole pole mpaka Mawe ya Pundamilia, yenye michirizi myeusi na myeupe, juu kidogo ya meta 4,000. Mnakaa huko kidogo, kisha mnarudi kula na kulala Horombo. Wazee wa mlima husema: panda juu, lala chini. Mwili unaonjeshwa kidogo hewa ya juu, kisha unarudishwa mahali unapoweza kupumzika. Deni limepungua, ingawa halijakwisha. Fedha zikiruhusu, ongeza usiku wa pili Mandara na kutembea mpaka shimo la Maundi, au usiku wa tatu Horombo. Wako pia wanaopanda kwanza Mlima Meru, wenye zaidi ya meta 4,500, na mara baada ya siku chache huenda Kilimanjaro, mwili ukiwa bado haujasahau.

Mpango wa tatu, siku 4: Mandara usiku mmoja, Horombo usiku mara mbili, kisha nyumbani. Kileleni hamfiki. Lakini mtapita msitu wenye mbega, mtatoka katika nyika ya juu yenye miti mikubwa ya ajabu isiyoota kwetu, mtaziona Kibo na Mawenzi asubuhi, na mtakanyaga meta 4,000. Kikundi chenye siku 4 tu na fedha za siku 4 kichague mpango huu kwa moyo mweupe. Kisijaribu kuubana ule wa kwanza.

Najua utaniuliza: siku moja ya ziada ni ada ya hifadhi, ni chakula, ni mshahara wa kiongozi na wa wapagazi. Ni kweli, na si fedha kidogo. Lakini kama fedha hazitoshi watu kumi kwa siku 6, afadhali waende mwaka wa pili, au waende mpaka Horombo, kuliko kuwapeleka watu kumi kwa siku 5. Punguza jambo lolote jingine, usipunguze usiku.

Historia ya mlima huu inatufundisha vilevile. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller wa Austria, akiwa na mpango mpya. Walipiga hema kwenye urefu wa meta 4,300 hivi, na wapagazi wakawa wanawaletea chakula kutoka chini, ili wasilazimike kuteremka kila mara. Pamoja nao pale hemani alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyezaliwa katika joto la pwani. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa shimo la Kibo, wakaona kilele bado kiko mbele, saa zimekwenda na nguvu zimekwisha. Wakarudi. Walipumzika, wakasogea juu tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Angalia hapo: waliokuwa wa kwanza kufika, tuwajuao, walikuwa watu waliokubali kugeuka nyuma siku tatu kabla.

MAPATANO KABLA YA KUONDOKA

Sasa nitasema habari inayonihusu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana tulikwenda watu wanne kwa mpango wa siku 5. Shule nzima ilikuwa imetuchangia. Hata mpishi alitoa chake. Tulipofika Horombo kichwa kiliniuma usiku kucha. Asubuhi kiongozi aliponiuliza, nilijibu, "Mzima kabisa." Niliona haya. Nilifikiri, nitarudi niwaambie nini watu walionichangia?

Kibo nilitapika mara mbili nyuma ya jiwe, nikafuta mdomo, nikaingia ndani. Nilikuwa nikijiangalia mimi tu, sikumwangalia mwenzangu tuliyelala kitanda kimoja juu na chini. Kumbe naye alikuwa akificha, na alificha kwa kuwa alituona sisi wengine hatulalamiki. Saa nne ya usiku alitoka kwenda chooni. Kiongozi wetu alimwona anakwenda upande, kama mtu anayetembea ndani ya jahazi. Akamshika, akamwuliza jina la mke wake. Hakuweza kulijibu.

Kiongozi hakutuuliza tunataka nini. Yeye na wapagazi wawili walimfunga mablanketi wakateremka naye gizani mpaka Horombo, nasi tukafuata na kurunzi. Kulipokucha aliomba chai, akatushangaa kwa nini tunamtazama hivyo. Safari yetu ilikwisha hapo. Hakuna mtu hata mmoja shuleni aliyetudai mchango wake.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba jambo linalowapeleka watu juu wakiwa wagonjwa, mara nyingi ni haya na mchango, wala si ujinga. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, kikundi chako kikae kikubaliane mambo manne, yaandikwe, na kila mtu atie sahihi.

Kwanza: kila asubuhi na kila jioni, kila mtu ataulizwa kwa jina lake, "Kichwa? Chakula? Usingizi? Pumzi?" naye atajibu kweli. Wapagazi waulizwe pia. Nao ni watu, hupanda na mizigo, na mara nyingi hufichia ugonjwa kwa kuogopa kukosa kazi.

Pili: mwenye kichwa kinachouma pamoja na dalili nyingine yoyote hatapanda kwenda kulala juu zaidi mpaka apone. Kama hapati nafuu mahali pale pale, au anazidiwa, atateremka.

Tatu: mwenye kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, atateremka mara moja, naye hataulizwa maoni yake. Ubongo wenye kiu ya oksijeni hauwezi kujihukumu.

Nne: mtu anayerudi hatachekwa, wala hatadaiwa fedha. Liandikeni hili kwa herufi kubwa. Bila la nne, yale matatu ya kwanza hayatatendeka.

Na kwa usiku wa kileleni, kubalianeni na kiongozi saa ya kugeuka. Ikifika saa hiyo mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Asiyefika Uhuru lakini akafika Gilman's, kwenye ukingo wa shimo, karibu meta 5,685, amefika mahali pakubwa sana.

MZIGO, CHAKULA NA DAWA

Hapa nitapita upesi. Chagua miezi mikavu: Januari na Februari, au kati ya mwisho wa Juni na Oktoba. Ukienda Desemba, tazamia mvua na theluji. Kiongozi mwenye kibali ni lazima kwa sheria ya hifadhi. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Usimwongezee mawe ya ukumbusho. Katika shanta yako mwenyewe weka maji, koti la mvua, sweta, kofia ya sufu, glavu, kurunzi, chakula kidogo cha njiani na dawa zako. Mfuko wa kulalia uwe mzito, maana usiku wa Kibo maji huganda chupani.

Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, unakwenda mbio. Kula uji, wali, viazi, ugali, supu. Kula hata kama hamu imepungua. Kunywa maji ya kutosha mpaka mkojo uwe mweupe, lakini usijilazimishe kupita kiasi: maji huondoa kiu, hayaondoi maradhi ya mlima. Tangawizi na vitunguu saumu vitie katika chai na supu kwa ladha yake, si kwa kutegemea kinga. Pombe na vidonge vya usingizi viache nyumbani, kwa kuwa hupunguza pumzi usiku. Ukimsikia mwenzako usingizini ameacha kuvuta pumzi kidogo kisha akavuta kwa nguvu, usishtuke. Ni kawaida huko juu.

Vidonge vya maumivu hutuliza kichwa, na si vibaya kuvitumia. Ubaya ni kuvitumia ili uendelee kupanda. Iko dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo huzisaidia figo kufanya ile kazi yao mapema. Huanzwa kwa kawaida siku moja kabla ya kupanda. Huleta mkojo mwingi na ganzi ya vidole. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwenye kudhurika kwa dawa za salfa amwambie. Wala haikupi ruhusa ya kurudi kwenye mpango wa siku 5.

Wako watu ambao lazima wamwone daktari kabla hata ya kutoa mchango: wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wajawazito, na wale waliowahi kuugua vibaya mlimani. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asipande. Upungufu wa oksijeni waweza kumletea maumivu makali na hatari ya kufa. Hata yule mwenye chembechembe za kurithi tu, ambaye nyumbani ni mzima, aulize kwanza, kwa maana bandama yake yaweza kudhurika huko juu. Katika nchi yetu watu hawa si wachache, na wengi hawajijui. Kipimo chake hufanywa hospitalini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mwenzenu anasema, "Mimi ni mchezaji mpira, siku 5 zanitosha." Mtamjibu nini?

2. Kwa nini kikapu cha pamba ya juu ni chepesi? Mweleze jambo hilo mtu ambaye hakusikiliza somo hili.

3. Kikundi kina watu wanane, na fedha zinatosha watu wote kwa siku 5, au watu sita kwa siku 6. Taja njia tatu za kulimaliza jambo hili, kisha chagueni moja.

4. Jioni Horombo, mpagazi mmoja hataki kula na amejifunika blanketi. Mtafanya nini kwanza, na nini asubuhi?

5. Andikeni mapatano yenu wenyewe. Je, sharti la nne mmeliandika kwa maneno ambayo kila mtu atayaamini?

Mkiisha kujibu, mwandishi wa kikundi aitunze karatasi ile ya siku na meta. Siku mtakapokaa kupanga safari, itoeni kabla ya kuhesabu fedha. Juma lijalo tutajifunza kusoma ramani na kujua urefu wa mahali kwa mistari yake. Kwaherini, na Mungu akipenda tuonane tena.